Likizo ya Desemba na Wanetu (2): Mpe Mtoto Kazi ya Kweli

Sehemu ya kwanza ya makala haya, wiki iliyopita, ilihusu ratiba ya mtoto wakati wa likizo: saa za kulala, za kula, na za kukaa mbele ya televisheni na simu. Tulikumbushana kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unataka mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, auchezeshe mwili kwa dakika zisizopungua 180, na asizidishe saa moja ya kutazama skrini akiwa amekaa tu. Hayo yakishakubalika, linabaki swali linalomkuta kila mzazi ifikapo saa nne asubuhi, shule zimefungwa na mvua ya vuli inanyesha: nikiizima televisheni, mtoto huyu afanye nini?

Jibu langu ni moja: mpe kazi ya kweli. Desemba ina sikukuu zake, na sikukuu ina shughuli nyingi. Kuna vitafunwa vya kupika, nyumba ya kupamba, wageni wa kupokea na safari za kujiandalia. Mara nyingi shughuli hizi huwa mikononi mwa watu wazima, watoto wakifukuzwa jikoni kwa kuwa wanachelewesha. Halafu siku ikifika, mtoto anavalishwa, anakalishwa, anapewa sahani. Sikukuu inampita kama mgeni. Ninachotetea ni kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minane apewe sehemu yake katika maandalizi, sehemu anayoiweza na yenye maana, na mtu mzima awe kando yake.

Kazi na mchezo kwa mtoto mdogo

Wahenga walisema kazi mbi si mchezo mwema. Kwa mtu mzima mwenye familia ya kulisha, maneno hayo yana uzito. Mtoto wa miaka minne bado hajautenganisha mchezo na kazi. Mpe ungo wa karanga achambue: atazigawa mafungu, atazihesabu, atazipa majina, na mwisho karanga zitakuwa zimechambuliwa. Amecheza na amefanya kazi kwa wakati mmoja.

Mwalimu Julius Nyerere aliligusa jambo hili katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967. Alieleza kwamba kabla ya ukoloni Afrika haikuwa na shule za madarasa, lakini watoto walielimika kwa kuishi na kutenda, wakijifunza ujuzi na mwenendo wa jamii wakiwa nyumbani na shambani pamoja na wakubwa wao. Miaka 60 kabla yake, tarehe 6 Januari 1907, Dk. Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, kwa ajili ya watoto wa familia maskini. Aliona kwamba watoto wakipewa vifaa halisi vinavyolingana na mikono yao, wakafagia, wakamimina maji na kupanga meza, huviacha vitu vya kuchezea na kuzama katika shughuli hizo kwa utulivu uliowashangaza watu wazima. Mwalimu wa Butiama na daktari wa Italia hawakuwa wakijibizana, lakini wote wawili walikuwa wakimtazama mtoto yuleyule.

Kazi ya kweli ni ile ambayo isipofanyika, sikukuu itakuwa na pengo. Mama akimkatia mtoto tonge la unga achezee pembeni, kisha akalitupa, mtoto anajua kwamba amedanganywa. Akipewa tonge hilohilo atengeneze visheti vitakavyokaangwa na kuwekwa mezani mbele ya wajomba na mashangazi, mkono wake unabadilika. Anakuwa mwangalifu kwa sababu kazi yake itaonekana.

Tusichanganye kushirikishwa na kutumikishwa. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kazi za kinyonyaji kwa watoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unampa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Mtoto anayeshirikishwa yuko kando ya mkubwa wake, kazi yake ni fupi, na anaruhusiwa kuchoka. Akichoka, anakwenda kucheza. Ukiona unamwamrisha amalize kwa machozi, mmekwisha kutoka kwenye somo.

Kila umri na kazi yake

Mtoto wa miaka miwili hadi mitatu anapenda kumenya, kurarua na kuosha. Mpe iliki azipasue na kutoa punje, maembe ayaoshe kwenye beseni, magazeti ya zamani ayachane vipande vya kutengenezea mapambo. Atamwaga maji, kwa hiyo mketishe nje au mtandikie mkeka.

Miaka minne na mitano ni umri wa kupima na kubonyeza. Anaweza kujaza kikombe cha unga na kukisawazisha kwa kidole, kuhesabu vijiko vya sukari, kukanda donge, kupaka gundi na kuchambua karanga. Hapa ndipo hesabu inapoingia bila daftari: vikombe viwili vya hiki, nusu ya kile, na nani ana vingi zaidi.

Kuanzia miaka sita hadi minane, mtoto amekwisha kushika herufi. Mwandikie mapishi kwa maandishi makubwa akusomee hatua moja baada ya nyingine. Mpeleke sokoni na orodha yake na fedha kidogo, aulize bei, alipe, ahesabu chenji. Anaweza kukata kitu laini kwa kisu butu, kusuka ukili wa mikuti mitatu, na kufunga fundo lisilofunguka.

Moto, mafuta yanayochemka, mbuzi ya nazi na kisu kikali hubaki kwa mkubwa. Mwambie mtoto hivyo waziwazi tangu mwanzo, na umweleze sababu. Na jambo moja zaidi: watoto wa kiume waingie jikoni sawa na dada zao. Kijana atakayeanza maisha ya chuo bila kujua kupika ugali ni mtoto tuliyemfukuza jikoni akiwa na miaka mitano.

Kashata ya nazi

Nachukua kashata kuwa mfano wa kwanza kwa sababu vitu vyake vinapatikana karibu kila soko, na kila hatua yake ina kazi ya mtoto. Tafuta nazi kavu mbili, sukari vikombe viwili, maji kikombe kimoja, punje za iliki kumi hivi na chumvi ya kubana kwa vidole viwili.

Mkubwa anavunja nazi na kuikuna. Mtoto anayakinga maji ya dafu… la, ya nazi kavu, kwenye bakuli na kuyaonja. Aelezwe kwamba dafu likikomaa mtini, maji hupungua na nyama ya ndani huwa nene. Wakati nazi inakunwa, yeye anamenya iliki na kuzitwanga kwenye kinu kidogo. Mwingine anapaka sinia samli au mafuta kwa vidole, hadi kwenye kingo. Kazi hii haitaki haraka, maana mahali palipokosa mafuta ndipo kashata itakapong'ang'ania.

Sasa mtoto anarudi nyuma na mkubwa anabandika sufuria yenye sukari na maji. Acha ichemke bila kukoroga sana. Mwanzoni mapovu ni madogo na mepesi. Kadiri maji yanavyokauka, yanakuwa makubwa na mazito. Ili kujua kama shira iko tayari, dondosha tone kwenye kikombe cha maji baridi. Likiyeyuka, bado. Likijikusanya chini na kuwa kidonge laini kinachobonyea, tayari. Kazi ya kubonyeza kidonge hicho mwachie mtoto, kwa kuwa kimekwisha kupoa majini. Ndiye mkaguzi, na neno lake liheshimiwe.

Tia nazi, chumvi na iliki, kisha koroga kwa mwiko bila kupumzika mpaka mchanganyiko uachane na sufuria. Hapo ndipo sukari iliyoyeyuka inapoanza kurudi kuwa punje ndogo ndogo, na kukoroga ndiko kunakoisukuma ifanye hivyo. Ndiyo maana kashata hugeuka nyeupe na kushikana ghafla, wakati dakika mbili zilizotangulia ilikuwa bado uji. Imimine kwenye sinia, isawazishe kwa mgongo wa mwiko na ikate mishazari ingali ya moto. Ikishapoa ndipo ukate, itavunjika hovyo. Vipande vikipoa kabisa, mtoto anavipanga sahanini na kuvihesabu, kisha mnakubaliana vingapi vya wageni na vingapi vya kuonja.

Hatari ya kashata ni shira yenyewe. Ikifikia kidonge laini, joto lake huwa kama nyuzi 115, kupita maji yanayochemka, na hung'ang'ania ngozini. Ikitokea imemrukia mtu, weka mahali palipoungua chini ya maji ya bomba, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, samli wala asali. Kidonda kikiwa kikubwa, au kikiwa usoni au mkononi mwa mtoto, nenda hospitali.

Wanaopenda kashata ya karanga waongeze uangalifu wa aina mbili. Kwanza, mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima ale kwa sababu inaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa. Zitwangwe hadi ziwe laini. Pili, karanga zichambuliwe. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu ya kuvu isiyoondoka kwa kukaangwa. Sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya mwaka 2004 kupitia mahindi, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtoto akichambua, wewe upitie tena ungo wake, ukimwonyesha alizoacha. Anajifunza kitu kitakachomlinda maisha yake yote.

Visheti

Kwa mtoto anayependa kufinyanga, hakuna kitafunwa kama visheti. Chukua vikombe viwili vya unga wa ngano, vijiko vitatu vya samli, iliki, chumvi kidogo, na tui au maziwa ya vuguvugu ya kutosha kushikanisha donge gumu kiasi. Samli na unga visuguliwe kwanza kwa viganja hadi viwe kama mchanga wenye unyevu, ndipo tui liingie kidogo kidogo. Funika donge kwa nusu saa lipumzike. Donge lisilopumzika hujirudi likisukumwa.

Baada ya hapo ni kazi ya watoto. Kila mmoja anakata vidonge vya ukubwa wa zabibu kubwa, anakibonyeza kimoja kimoja juu ya meno ya uma uliogeuzwa, kisha anakikunja kwa kidole gumba ili mistari ibaki nje. Vya mtoto wa miaka mitatu vitakuwa vinene na vya dada yake vyembamba. Visivunjwe na kufinyangwa upya na mkubwa kwa siri. Muhimu ni kwamba vinene vikaangwe peke yake, kwa moto mdogo zaidi, ili viive hadi ndani.

Shira ya visheti ni sukari kikombe kimoja na maji nusu kikombe. Ikianza kuvutika kama uzi kati ya mwiko na sufuria, epua, mimina visheti na vipindue mfululizo hadi sukari ikauke na kuvivisha weupe. Usitie ndimu. Anayepika kaimati na kutaka shira ibaki laini hutia matone machache, kwa sababu uchachu huizuia sukari isirudi kuwa punje. Kwenye visheti tunazitaka punje hizo.

Visheti na kashata havina dini. Vinapikwa Idi, vinapikwa Krismasi, vinapikwa Mwaka Mpya. Kalenda ya Kiislamu hupungukiwa na ile ya kawaida kwa siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2000 Idi el-Fitri iliangukia tarehe 27 Desemba, na familia nyingi za mchanganyiko zilipika sikukuu mbili kwenye jiko moja. Msimu kama huo utarudi, na watoto wanaojifunza leo ndio watakaoshika mwiko.

Siku ambayo hutaki kuwasha moto, tumia maembe, maana Desemba ndio wakati wake. Mtoto aliponde embe lililoiva kwa uma, achanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, amimine kwenye vikombe vidogo, achomeke kijiti na kugandisha. Hiyo ni lambalamba, na sukari yake ni ya embe lenyewe.

Mapambo ya kalenda ya zamani

Desemba ndiyo siku za mwisho za kalenda ya ukutani. Karatasi zake ni nzito, zina rangi upande mmoja, na hazina kazi tena. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 30 na upana wa sentimita 15. Kikunje kwa mikunjo ya sentimita moja, huku na huku, kufuata ule upana, mpaka karatasi yote iwe fimbo bapa. Funga uzi katikati kwa nguvu. Kata ncha zote mbili mshazari, kisha fungua kila upande kama upepeo na uunganishe kingo kwa gundi. Utapata nyota ya duara yenye ncha nyingi. Mtoto wa miaka sita anaweza kuikunja peke yake baada ya kuonyeshwa; wa miaka minne atashika uzi na kupaka gundi.

Gundi ipikwe nyumbani: kijiko kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo, nusu kikombe cha maji baridi, koroga hadi madonge yaishe, kisha mkubwa aipike huku akikoroga mpaka ing'ae. Itumike siku hiyo au kesho yake, maana huchacha.

Rangi nazo zipo jikoni. Manjano ya biryani yakikorogwa na maji hutoa rangi ya dhahabu. Mkaa uliosagwa ukichanganywa na gundi hutoa nyeusi. Rosela, ambayo wenzetu wa Dodoma na Singida huiita choya, ikilowekwa kwenye maji ya moto hutoa wekundu wa damu ya mzee. Ukifika hapa, simamisha kazi ya mapambo kwa dakika kumi na ufanye jaribio. Gawa maji ya rosela kwenye vikombe vitatu vyeupe. Cha kwanza kiache. Cha pili mtoto akamulie ndimu: wekundu unawaka. Cha tatu atie magadi kidogo na kukoroga: wekundu unazama, unakuwa buluu iliyokolea au kijani. Manjano yakitiwa magadi hugeuka kahawia nyekundu. Mwambie kwamba rangi hizi hutambua uchachu na magadi, na kwamba ndugu zake wakubwa shuleni hufanya jaribio kama hilo kwa karatasi za maabara. Kisha mwachie brashi, au kijiti kilichotafunwa ncha, apake nyota zake kwa rangi alizozitengeneza. Kikombe chenye magadi kimwagwe, kisinywewe.

Kwa wakazi wa pwani, jani la mnazi nalo ni kiwanda kizima: feni ya kukimbilia na upepo, kofia, bangili, kikapu kidogo cha kuwekea visheti. Kama kuna bibi mtaani anayesuka mikeka, mwombe awaketishe watoto barazani kwake asubuhi moja na kuwaanzishia ukili mwembamba. Mtoto akifikisha urefu wa mkono wake, uzungushie kopo na uushone. Hilo ni kopo la kalamu la kurudi nalo shule Januari.

Mpira wa soksi

Zamani mpira wa chandimu ulisokotwa kwa mifuko ya plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa mazingira hilo ni jambo jema, na mpira haukufa. Chukua vitambaa chakavu, viviringishe hadi viwe donge gumu la ukubwa wa chungwa. Litumbukize kwenye soksi kuukuu, ikaze, isokote shingoni, kisha igeuze irudi juu ya donge. Rudia hadi soksi iishe, vika ya pili, na ya tatu ikibidi. Mwisho zungusha kamba ya katani kwa nyavu ya mafundo, kila fundo likikazwa na watu wawili, mmoja akivuta na mwingine akishika.

Hapo ndipo mazungumzo yanapopata nafasi. Mtoto akiuliza kamba hii inatoka wapi, mweleze kwamba mkonge ulipandwa Tanga mara ya kwanza mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Kwamba miche iliyotoka Florida kupitia Hamburg ilikufa mingi njiani, ikapona 62 tu, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea. Habari hiyo ukimsimulia akiwa amekaa bure, itamtoka. Akiisikia huku nyuzi zenyewe zinamchoma viganja, ana sababu ya kuikumbuka.

Safari ya kwa bibi

Kwa wengi wetu Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi ya kwenda Moshi hujaa wiki kabla ya Krismasi, na tangu mwaka 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi imerudi relini baada ya kusimama kwa miaka mingi. Watoto wa mjini wanafikishwa kihambani, wanasalimiana na babu, wanapigwa picha, halafu wanakaa sebuleni na simu ya baba. Hiyo ni nafasi inayopotea.

Waombee kazi kwa bibi. Wamenye ndizi za mtori, huku wakipakwa mafuta mikononi ili utomvu usiwashike. Waokote mayai, walishe kuku, wakusanye majani ya ng'ombe pamoja na binamu zao. Bibi asiyeongea sana mezani ataongea akiwa na kisu na ndizi, na atamwita mjukuu kwa jina la ukoo ambalo baba yake hakuwahi kumweleza. Mtoto naye asiende mikono mitupu: kopo la kashata alizozipanga mwenyewe ni zawadi anayoweza kuikabidhi kwa mikono miwili na kueleza ilivyotengenezwa.

Sahani ya jirani

Maandalizi haya yote yafikie kwenye jambo moja: kugawa. Katika miji yetu mingi jirani Mwislamu huletewa sahani Krismasi, na jirani Mkristo huletewa yake Idi. Kazi ya kupeleka sahani hiyo iwe ya mtoto. Achague kashata zilizokatika vizuri, apange, afunike kwa kawa au kitambaa safi, abishe hodi, asalimu inavyopasa, aseme mama amemtuma na yeye mwenyewe amesaidia kupika. Akirudi, sahani haitakuwa tupu. Nimefundisha watoto wadogo kwa muda wa kutosha kusema kwamba adabu inayofundishwa mlangoni kwa jirani huingia kuliko ile ya kukaririshwa.

Vizuizi vinavyotajwa na wazazi

Cha kwanza ni muda. Mzazi anatoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi usiku. Basi kazi hizi azijue pia dada wa nyumbani, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto. Kaa naye Jumapili, mpange pamoja kazi tatu za wiki, na mwambie wazi kwamba jikoni kukichafuka kidogo hatalaumiwa. Bila kauli hiyo atamwashia mtoto katuni, na hatakuwa na kosa.

Cha pili ni uchafu. Tandika mkeka, mvishe mtoto fulana kuukuu, na uhesabu kusafisha kuwa hatua ya mwisho ya mapishi. Mtoto anayefuta meza aliyoichafua amemaliza somo. Anayeondoka na kuacha meza imejaa unga ameliacha nusu.

Cha tatu ni fedha. Kalenda, soksi, vitambaa na majani ya mnazi havinunuliwi, na nazi mbili na sukari hutoa sahani nzima ya kashata. Kinachohitajika zaidi ni mtu mzima anayekubali shughuli ya nusu saa ichukue saa moja na nusu.

Kwa wiki hii, chagua kitafunwa kimoja na pambo moja. Yaandike majina ya watoto wote wa nyumba kwenye karatasi, na mbele ya kila jina andika kazi moja yenye jina lake: mkaguzi wa shira, mpaka sinia, mhesabu vipande, mpeleka sahani. Ibandike jikoni kwa kimo wanachoweza kusoma. Siku ya sikukuu, wageni wakisifu, usijibu wewe. Mwelekezee mtoto mwenye kazi yake aeleze. Mtoto atakayesimama mbele ya wajomba zake na kueleza kwa nini kashata hukatwa ingali ya moto amepata Desemba hii kitu ambacho duka halimuuzii.

Wiki ijayo: hadithi, vitendawili na michezo ya jioni, kuanzia mdako na kombolela hadi bao, na jinsi ya kumshirikisha mtoto mwenye ulemavu katika kila mojawapo.

Itaendelea